Chezesha mdomo tu, usitoe sauti

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu, na nyie wanafunzi mliojibanza kule nyuma mambo vipi. Nimepewa dakika ishirini na mshereheshaji kashanionya kwamba akisimama tu pale mlangoni ujue muda wangu umeisha, kwa hiyo sizunguki, naingia moja kwa moja kwenye kufundisha muziki shuleni.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Shuleni kwetu kulikuwa na kwaya ya kupokea wageni na mi nilikuwemo, wala sikuchaguliwa kwa kujua kuimba, nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mrefu na sare yangu haikuwa na kiraka. Siku mbili kabla ya wageni mwalimu akawa anapita mstari kwa mstari ametega sikio, akafika kwangu, akasimama, akasikiliza kidogo, akaniambia kwa upole kabisa, hata hakunigombeza, "Wewe chezesha mdomo tu, usitoe sauti." Basi nikachezesha. Nyimbo nne nzima, mdomo unaenda, kichwa kinatikisika, uso unatabasamu, na sauti hakuna hata punje. Wageni wakapiga makofi, nami nikainama kushukuru pamoja na wenzangu kama vile nilichangia kitu. Toka siku hiyo nikajua mi siimbi. Msibani siimbi, harusini siimbi, nikiwa peke yangu bafuni ndo kabisa, maana bafuni unajisikia mwenyewe.

Miaka kumi na nane ikapita hivohivo. Halafu siku moja rafiki yangu anayefundisha watoto muziki, tumekaa tu tunapiga stori, akaniambia hebu guna, toa sauti yoyote, hmmm. Nikaguna. Sasa alichofanya yeye ndo kilichonileta hapa mbele yenu leo: aliifuata sauti yangu. Hakuniambia nimfuate yeye, yeye ndo alishuka kule chini nilikokuwa akanikuta, tukakaa pale kwenye sauti ileile moja mpaka zile sauti mbili zikaingiana, ukawa hujui ipi yake ipi yangu, halafu akapanda ngazi moja, kidogo tu, na mimi nikajikuta nimepanda naye. Kama dakika kumi hivi. Nilitoka pale nimekasirika kweli, nawaambia ukweli, sikufurahi hata kidogo, nilikasirika, kwa sababu nilifanya hesabu ya ile miaka kumi na nane nikaona imeliwa na kitu ambacho dawa yake ilikuwa dakika kumi.

Wapo watu ambao ubongo wao kweli hautofautishi sauti ya juu na ya chini, wataalamu wana jina lake, amuzia, lakini ni wachache sana. Wengi wetu tulioitwa "huyu hana sikio" tulikosa tu mtu wa kushuka kututafuta.

Na sikuja kumsema yule mwalimu. Alikuwa mwalimu wa somo jingine kabisa aliyebebeshwa kwaya kwa sababu ana sauti kubwa na hakuwahi kukataa kazi. Hakuna aliyewahi kumfundisha ile mbinu ya kuguna. Kwa hiyo alifanya kile ambacho mtu yeyote asiyefundishwa angefanya: aliangalia matokeo ya siku ya wageni, akaondoa kinachoharibu.

Hilo ndo ninaloliongelea. Ukienda shule nyingi ukauliza mna muziki, wanakwambia tunao, tena kwa kujiamini, na picha wanakuonyesha. Chimba kidogo. Utakuta muziki wenyewe ni watoto tuseme thelathini katika shule ya watoto mia nane, wamechaguliwa kwa sababu tayari wanajua, wanafanya mazoezi wiki tatu kabla ya sherehe, wanakaririshwa nyimbo mbili neno kwa neno, sherehe ikiisha vyombo vinarudi stoo na ufunguo wa stoo unarudi mfukoni kwa mtu mmoja ambaye huwa hayupo. Wale mia saba sabini waliobaki kazi yao kupiga makofi. Sasa hebu tuifanyie hivo hisabati tuone. Tuchague thelathini wanaojua kujumlisha tayari, tuwashonee sare, wageni wakija wasimame mbele wajumlishe kwa pamoja kwa furaha, na wengine wote tuwaambie nyie hamna kipaji cha namba, kaeni mshangilie. Mzazi gani angekubali? Hata yule anayesema mwanangu hisabati hazipandi angekuja shuleni asubuhi na mapema. Lakini kwenye muziki tumekubali, tena tunaona ndo utaratibu.

Kipindi cha muziki kinachofundishwa kweli kinafanana na nini? Naomba nikae hapa kidogo, maana ndo penyewe. Watu wanadhani elimu ya muziki ni kuandika noti ubaoni, ile mistari mitano, mtoto akariri hii inaitwa nini ile inaitwa nini, akajibu mtihani, na kumbe hajawahi kuisikia hiyo noti ikilia. Ni sawa na kumfundisha mtoto alfabeti ya lugha ambayo hajawahi kuisikia mtu akiiongea. Sikio linatangulia, mwili unafuata, mdomo unafuata, karatasi inakuja mwisho, ikija inakuta mtoto ana kitu cha kuandika.

Huko Hungaria kulikuwa na mtunzi mkubwa wa muziki, Zoltán Kodály. Mwanzoni mwa karne ya 20 yeye na mwenzake Béla Bartók walikuwa wanazunguka vijijini na fonografu wanarekodi nyimbo za wanakijiji, za wazee, za watoto wakicheza. Angeweza kubaki kwenye majumba ya muziki anapigiwa makofi, lakini akageukia watoto wa shule za msingi, na msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto aanze na nyimbo za lugha yake mwenyewe, azishike vizuri, ndo atoke aende kwenye muziki wa dunia. Mwaka 1950 pale Kecskemét, mji aliozaliwa, ikafunguliwa shule ya msingi ambayo watoto waliimba kila siku. Sikilizeni vizuri, kila siku, kama kusoma, kama hesabu, na ni watoto wote, hakuna kuchujwa. Shule za namna hiyo zikaenea nchini mwao na walimu wa nchi nyingine wakaanza kwenda kujifunza.

Na vifaa alivyotumia ni vipi? Sauti na mikono. Zile ishara za mkono za solfa, yale majina ya sauti do, re, mi, wengine mnazijua, do ni ngumi, mi ni kiganja kimelala chini, so kiganja kinakutazama wewe, la mkono umening'inia, ti kidole kinanyooka juu kama kinataka kutoroka kwenda do ya juu, na kweli ti ukiiimba unasikia ina hamu ya kufika. Hazikuwa zake. Alizichukua kwa mchungaji mmoja Mwingereza wa karne ya 19, John Curwen, naye Curwen mfumo wake wa solfa aliujenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover, aliyekuwa anatafuta njia rahisi ya kufundisha watoto kuimba. Na nyuma yao wote kuna mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, miaka kama elfu moja iliyopita, aliyechoka kuona waimbaji wake wanatumia miaka kukariri nyimbo moja moja. Akachukua wimbo wa kanisa ambao kila mstari unaanza ngazi moja juu ya uliotangulia, akachukua silabi za mwanzo, ut, re, mi, fa, sol, la, akawapa kama ngazi ya kupandia ili waweze kuimba wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Ut ikaja kugeuka do. Kwa hiyo mwanakwaya yeyote anayeshika karatasi imeandikwa d r m f s l t, ajue ameshika kitu kilichobuniwa ili yule wa mstari wa nyuma naye aweze. Nalipenda sana hilo, samahani kama nimelirefusha.

Wapo na wengine. Émile Jaques-Dalcroze kule Geneva alikuwa anafundisha wanafunzi wa chuo wanaojua kupiga noti zote sawasawa na bado mdundo hawausikii, wanapiga kama mashine, akaona shida iko miguuni, akawasimamisha akawaambia tembeeni, muziki ukienda haraka nendeni haraka, ukisimama simameni. Carl Orff, Mjerumani, yeye ana ujanja ninaoupenda kuliko wote: marimba zake za watoto vipande vinang'oka. Unang'oa fa na ti, zinabaki sauti tano, na kwenye zile tano mtoto akigonga popote hakosei, kila kitu kinapatana na mwenzake. Mtoto wa miaka sita anabuni wimbo wake siku ya kwanza bila kuambiwa umekosea! Vile vipande viwili unavirudisha baadaye, sikio likishakomaa. Na Shinichi Suzuki wa Japani alianza na kitu cha kawaida kabisa, kwamba watoto wote wa Japani wanaongea Kijapani, lugha ngumu, na hakuna anayesema huyu hana kipaji cha kuongea. Wanaizoea kwa kuisikia, kwa kurudia, kwa kusifiwa na mama. Basi akataka violini nayo iwe hivo, na mzazi akae darasani pamoja na mtoto.

Hawa wanne hawakukubaliana kwa mengi, ila wote waliamini mtoto yeyote anafundishika, na wote kazi ngumu waliibebesha upande wa mwalimu.

Sasa naja kwa jambo ambalo huenda wenzangu wanaotetea muziki hawatalipenda. Tuache kusema muziki unaongeza akili. Najua ni tamu, na mi nimewahi kuisema, inakaa vizuri kwenye bango. Tatizo ni hili. Mwaka 1993 watafiti Marekani walichapisha utafiti mfupi kwenye jarida la Nature, wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza muziki wa mtunzi Mozart dakika kumi wakafanya vizuri kidogo kwenye zoezi la kufikiria maumbo, na ile nafuu ikaisha kama baada ya robo saa hivi. Wanafunzi wa chuo, robo saa. Ikatoka hapo ikavimba, kufika 1998 gavana wa jimbo la Georgia akaomba pesa za umma, dola 105,000, kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa klasiki wa kusikiliza nyumbani. Vichanga! Watafiti wengine waliporudia jambo lenyewe likawa linayeyuka, na waliocheka wakatucheka sote tunaofundisha muziki.

Upo utafiti wa maana zaidi, wa Glenn Schellenberg kule Kanada, wa 2004. Watoto 144 wa miaka sita, wakagawanywa, wengine kupiga kibodi, wengine kuimba, tena kwa njia ya Kodály, wengine maigizo, wengine hawakupewa kitu, mwaka mzima. Alama za akili zilipanda kwa makundi yote, maana ndo walikuwa wanaanza shule, ila wa muziki walipanda kwa wastani alama 7 na wengine 4.3. Tofauti ipo, ni ndogo, na wa maigizo nao walipata chao, walikuwa na tabia nzuri zaidi ya kukaa na wenzao. Mi naichukua kama ilivyo. Lakini ukienda kwa mkuu wa shule ukamwambia nipe kipindi cha muziki kitapandisha hisabati, atakujibu vizuri sana, "Basi acha nikiongeze kipindi cha hisabati," na huna la kumjibu, umejifunga mwenyewe. Mbona hatuulizi kama hisabati inasaidia kuimba?

Tena hisabati imo humohumo ndani ya muziki, wala haihitaji kusafirishwa. Chukua uzi mmoja uliokazwa, ubane katikati kwa kidole, unapata sauti ileile ya juu zaidi, oktavu. Bana ili ibaki theluthi mbili inalia, unapata ile sauti ya tano, do na so. Wagiriki wa kale walilijua hilo, wanafunzi wa Pythagoras ndo wanaotajwa sana, na Ulaya kwa karne nyingi muziki ulipangwa kundi moja na hesabu, jiometri na elimu ya nyota. La ya kupangia vyombo ni mitetemo 440 kwa sekunde, ya oktavu ya juu 880. Mwalimu mwenye uzi, ubao na misumari miwili anafundisha sehemu na uwiano asubuhi nzima na watoto wanazisikia kwa masikio yao. Ila mi bado sibadilishi msimamo, hata kama isingekuwemo hisabati hata tone, kushika sauti yako huku jirani anaimba nyingine, na usimeze yake na usimfunike, ni kitu ambacho sijaona somo jingine linakifundisha. Kwenye karatasi ukikosea unafuta. Kwenye kwaya umekosea, wimbo unaendelea, na inabidi uruke urudi ndani ukiwa unakimbia.

Kuhusu vyombo. Najua mtu ataniuliza pesa iko wapi. Sauti ni bure, viganja ni bure, na nimeshasema shule ya Kodály ilianzia hapo. Kuna watoto wa Paraguay wa mtaa wa Cateura, pembeni ya jalala kubwa, ambao mwalimu wao Favio Chávez na fundi mmoja waliwatengenezea violini na cello za makopo ya mafuta na mabati, wakapiga muziki wa watunzi wakubwa dunia ikawaona. Kinshasa kuna okestra iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, mwanzoni violini zilikuwa chache watu wanapokezana, huyu akimaliza anampa mwenzake. Venezuela mwaka 1975 José Antonio Abreu alianza na vijana 11 kwenye gereji, ikaja kuwa mtandao wa mamia ya maelfu ya watoto, na Gustavo Dudamel anayeongoza okestra kubwa za dunia ametokea humo. Nazipenda hizi habari. Ila naziogopa pia, naomba mnielewe, kwa sababu kuna kiongozi mahali anaitazama ile klipu ya violini ya kopo machozi yanamtoka, halafu akifuta machozi anasema si mnaona, wanaweza bila bajeti. Wale watoto walipiga kopo kwa sababu walinyimwa violini. Ushujaa wao usigeuzwe sera. Na hata Venezuela penyewe wapo watafiti walioukosoa ule mfumo kwamba mtoto anasikiliza amri ya kondakta, yule mwongoza okestra, kuliko sikio lake, kwa hiyo tusiige kwa macho yaliyofumbwa.

Na jambo jingine, hizo zote ni programu za nje ya darasa, anaingia anayebahatika. Mahali pekee ambapo watoto wote wapo, mwenye mzazi anayejali na asiye naye, mrefu na mfupi, ni shuleni.

Ningechagua kitu kimoja tu cha kununua kwa pesa iliyopo, ningenunua mwalimu. Piano bila mwalimu ni kabati. Evelyn Glennie wa Uskoti alizaliwa 1965, masikio yakaanza kufifia akiwa na miaka minane, kufika kumi na miwili alikuwa kiziwi kwa kiasi kikubwa. Mtoto wa namna hiyo shule nyingi hata lile la kuchezesha mdomo wasingemwambia, wangempeleka tu maktaba. Mwalimu wake wa vyombo vya kugonga pale shuleni akamwambia weka viganja ukutani. Akapiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra ambazo sauti yake inapandishwa na kushushwa, akawa anamuuliza hii unaisikia wapi mwilini. Za chini zikawa zinatua miguuni, za juu usoni na shingoni. Akajifunza kusikia kwa mwili mzima, mpaka leo hupanda jukwaani pekupeku. Alipoomba kuingia Royal Academy of Music kule London mwanzoni walisita, wanajiuliza kiziwi atafundishwaje, akawabana mpaka wakamsikiliza upya, wakampokea, akaja kuwa mmoja wa wapigaji maarufu wa vyombo hivyo duniani. Na pesa haikuwa kizuizi pale ukutani, maana ukuta kila shule inao.

Mwalimu wa namna hiyo haokotwi. Anasomeshwa, anapewa vipindi vyake kwenye ratiba, kila wiki mwaka mzima, na wakati wa mitihani ukikaribia kipindi chake kisinyakuliwe na somo jingine, maana tunajua huwa kinanyakuliwa, tena mwenyewe anaambiwa asaidie kusimamia. Apewe na chumba ambacho watoto wakiimba, darasa la jirani hawagongi ukuta. Dogo hilo ila limeua vipindi vingi.

Wazazi wenzangu, najua na yale mengine. Muziki ni uhuni. Atafeli masomo. Nimlipie ada akapige ngoma? Mzazi mmoja aliwahi kuniambia hataki mwanawe awe mwanamuziki. Nikamuuliza anasoma jiografia? Anasoma. Unataka awe mchora ramani? Akacheka, yakaishia hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 31 unampa mtoto haki ya kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa, na nchi karibu zote duniani zimeuridhia, kwa hiyo hili hatuombi kama hisani. Ila sijawahi kuona mkuu wa shule anashawishika kwa kusomewa kifungu.

Wanashawishika kwa kuona. Boston, Marekani, miaka ya 1830, kulikuwa na mtu anaitwa Lowell Mason, alikuwa anaibembeleza bodi ya shule za mji muziki uwe somo kama masomo mengine. Bodi ikakubali kwa mdomo, pesa haikutoka. Wengi wetu hapo tungeandika barua nyingine. Yeye akaingia kwenye shule moja akafundisha mwaka mzima bila kulipwa, watoto wa kawaida waliopo darasani, halafu wakubwa wakaja wakasikia. Agosti 1838 bodi ikapitisha, muziki ukaingia kwenye shule za umma za Boston, na miji mingine ikafuata. Simsifii kufanya kazi bure, walimu msije mkanipiga mawe, namsifia kuonyesha watoto wa kawaida badala ya kuonyesha thelathini waliochujwa.

Kwa hiyo ukienda shuleni kwa mwanao usiulize kama kuna kwaya. Uliza Jumanne saa nne kuna nani anaimba. Uliza nani anafundisha na alisomea wapi. Uliza mwanao mara ya mwisho kutoa sauti akiwa peke yake, mstari mmoja tu, wenzake wakamsikiliza bila kumcheka, ilikuwa lini. Na ufunguo wa stoo uko kwa nani.

Naona mshereheshaji kashasimama mlangoni. Nakuona kaka, dakika moja tu. Simameni wote tafadhali, simu mfukoni. Tunahesabu pamoja moja mpaka sita, polepole, halafu tunarudi moja bila kusimama. Nyie wa kulia kwangu mnapiga makofi kwenye moja, tatu na tano. Nyie wa kushoto kwenye moja na nne. Kwa hiyo huku makofi matatu, huku mawili, ndani ya muda uleule, na mkianza mtaona mkono wako unataka kumfuata wa upande ule, usiukubalie. Mkipotea rudini kwenye moja, wote tunakutana pale. Haya, moja, mbili... Ngoja, ngoja, simameni kwanza. Baba wa mstari wa tatu mwenye shati la bluu, nimekuona, unachezesha mikono tu haigusani. Kwako taratibu zaidi, nakufuata mimi. Tunaanza upya. Moja...